Picha ya Kifua cha Baba

Nakwa, Babati. Jumamosi, 3 Machi 1984

Elimringi amenitaka niandike. Anasema nikimsimulia kwa mdomo huwa naruka mambo ya katikati na kukimbilia palipo na ugomvi. Haya, mume wangu, ya katikati nitayaandika yote, na ugomvi nao hautakosekana, maana nimekuja kujifungulia kwa Mama.

Nimeshuka kwenye lori saa nane mchana, tumbo mbele, mvua imenilowesha mpaka nguo za ndani. Mama kanipokea begi, kanikumbatia, na kabla sijakaa kanipa masharti. Baba halali tena nyumba kubwa. Amehamia banda la mahindi, ng'ambo ya ua. Tangu Januari anachomwa sindano za kifua kikuu zahanati. Ana kikombe chake cha chuma chenye ukingo wa bluu, ana sahani yake, ana kigoda chake. Vyombo vyake haviguswi wala havioshwi pamoja na vyetu.

"Wewe si wa kuvuka huu ua," Mama kasema. "Na huyo aliye tumboni si wa kuvushwa."

Baba akatokea mlangoni mwa banda. Koti limemzidi mabega. Nikapaza sauti kama namwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Shikamoo Baba!"

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Si mimi, ni mjukuu wako!"

Alicheka, lakini kicheko kilikatikia njiani, akashika ubavu wa kushoto na kuegemea mlango. Nimelia mbele yao bila aibu. Tangu nizaliwe sijawahi kumsalimia Baba bila kumpa mkono.

6 Machi

Sabuni hakuna duka la ushirika. Mama anafulia majivu. Unga tuliogawiwa ni ule wa yanga, wa njano, na mtoto tumboni anaukataa kwa mateke.

9 Machi

Mvua kutwa. Mlima Kwaraa hauonekani.

Nimegombana na Mama kwa sababu ya kaa la moto. Baba alikuwa amezimikiwa na moto bandani, nikachukua kaa jekundu jikoni kwa koleo nimpelekee hadi katikati ya ua, alichukue mwenyewe. Mama kanipokonya koleo. Huko Mbulu alikokulia, nyumba ikipatwa na jambo zito hutengwa: hakuna kuazimana moto, hakuna kuchota maji pamoja, mpaka wazee waseme basi. Mama ni Mkatoliki wa misa ya kwanza, haijawahi kumpita Jumapili, lakini hilo hajaliacha. Zahanati walisema tenga vyombo. Yeye akatenga mpaka moto.

"Mama, kifua kikuu hakipandi juu ya kaa."

"Ulisomea ualimu. Hukusomea moto."

Akaenda mwenyewe na kiberiti, na njiti za kiberiti siku hizi ni kama dhahabu, akampa Baba kutokea mbali. Baba akanitupia jicho. "Mwache mama yako. Mimi hapa naishi kama askofu. Chumba changu, moto wangu, na mtu wa kuniletea chakula. Nimekosa pete tu."

14 Machi

Kiboko katoka ziwani kala mahindi ya jirani. Ya kwetu hakuyataka. Mama kakasirika kama katukanwa.

Ijumaa, 16 Machi

Leo tumepanda hadi hospitali ya misheni kwa gari la parokia. Sindano zimechomwa kwa miezi, na bado pumzi ya Baba inazidi kuwa fupi, kwa hiyo mganga wa zahanati mwenyewe ndiye aliyetutuma. Ni muungwana. Alisema amejitahidi kwa alichonacho, lakini hana njia ya kuona ndani.

Mashine ya eksirei huwashwa Ijumaa tu kwa sababu ya uhaba wa dizeli. Daktari ni mwanamke, Daktari Eliakunda, Mpare mrefu mwenye sauti ya chini. Mimi nilikatazwa kuingia kwenye chumba cha picha kwa sababu ya mimba, lakini kwenye maswali nilikuwapo. Aliuliza kalamu mkononi.

"Mzee Xavery, kazi yako?"

"Mkulima."

"Na zamani, ujanani?"

"Mkulima."

"Hukuwahi kwenda kufanya kazi mbali? Mgodini, kiwandani?"

"Mimi ni mkulima tangu nizaliwe, mama."

Nilicheka moyoni. Tangu ile kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka jana, walipokuwa wanapita kuandika nani ana kazi na nani mzururaji, wazee wote wa hapa wana jibu moja. Ukiona kalamu, wewe ni mkulima, na shamba lako ni lile pale. Baba angeulizwa na malaika mlangoni mwa mbingu angejibu vivyo hivyo. Mama alikuwa akiangalia sakafu. Nilidhani amechoka na safari.

Wakampiga picha, jenereta likazimwa. Ile filamu Daktari akaishika dirishani ili aisome kwa mwanga wa nje, na nje kulikuwa na wingu zito. "Tusubiri," akasema. Basi tukasubiri sote wanne, tunaangalia juu. Watu hapa huomba mvua, sisi tuliomba jua.

Lilipotoka alituita karibu. Upande wa kushoto, chini yote ni nyeupe: maji, yamekaa kati ya pafu na ubavu, kwenye utando unaolivika pafu. Upande wa kulia pafu ni jeusi, ndivyo linavyotakiwa kuwa, lakini chini kabisa, juu ya kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kuna baka jeupe linalong'aa kama mfupa.

"Kifua kikuu hupenda huku juu, kwenye ncha," akasema, akionyesha kwa kidole. "Ncha zake ni safi. Na makohozi yamepimwa, vijidudu havikuonekana. Lakini kifua kikuu cha zamani kinaweza kuacha baka la upande mmoja kama hili. Upande wa pili siuoni, umefunikwa na maji."

Walimkalisha Baba, wakamchoma sindano ndefu ubavuni, wakatoa maji mpaka nikaogopa kuangalia chupa. Yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Daktari alitamani kumpiga picha nyingine baada ya maji kutoka, lakini filamu zilizobaki zimewekewa waliovunjika mifupa. Nyingine zimekwama bandarini.

Nikamuuliza kama si kifua kikuu, ni nini? Hakunizungusha. Alisema maji ya rangi ile, kwa mtu wa umri ule, yanaweza kuwa saratani ya utando wa pafu, na yanaweza yasiwe. "Mpaka nijue, mtoto akizaliwa asimsogelee babu yake."

Kwenye gari Baba alikaa nyuma peke yake, dirisha wazi, mvua inamrashia uso. "Leo nimepumua mpaka chini kabisa," akasema. Alifurahi kweli. Neno lile hakulisikia, au alilisikia akaliacha kulekule.

17 Machi

Nimelala mchana kutwa. Lile neno silirudii hapa.

22 Machi

Mama kasugua kikombe cha Baba kwa mchanga, kule mbali karibu na mgomba wa mwisho, akakining'iniza kwenye kijiti chake peke yake. Nikamwambia ana roho ngumu. Nikamwambia Baba anaumwa na anachohitaji ni mtu wa kukaa naye, si mtu wa kumsugulia kikombe. Aliendelea kusugua hata palipokwisha kung'aa.

Namjua Mama tangu nimezaliwa na leo nimemwona kama mgeni.

25 Machi

Mvua. Miguu imevimba. Baba kanitengenezea mwiko, kautupa katikati ya ua, Mama kaumwagia maji ya moto kabla sijaushika.

Alhamisi, 29 Machi

Mtoto wa kike. Alfajiri. Mama ndiye aliyempokea, na mkunga jirani akafika akakuta tumeshamaliza. Alinishika kichwa, akaniambia maneno ya lugha yetu ambayo hajaniambia tangu nilipokuwa mdogo, na nikajua sina mtu mwingine duniani ninayetaka awepo pale.

Jina lake Elieshi, la mama yake Elimringi. Kwao ndiyo desturi, na nilishakubali tangu zamani.

Kulipopambazuka Baba akaita kutoka bandani. "Mbona hamniambii? Nimesikia sauti!"

"Ni mke mwenzangu!" Mama akamjibu.

"Ana pua ya nani?"

"Yako, maskini!"

Nikamwomba Mama amtoe nje aonekane. Mvua ilikuwa imekatika. Mama akasimama kwenye ukingo wa baraza, si hatua moja zaidi, akamfunua uso na kumwinua juu kwa mikono miwili. Baba akasimama kwenye mlango wa banda, kavua kofia. Walikaa hivyo muda mrefu. Mikono ya Mama ni lazima ilichoka, na hakumshusha.

2 Aprili

Maziwa yametoka. Nepi hazikauki.

8 Aprili

Elimringi amekuja, amekaa siku mbili, amerudi kazini Arusha. Ameleta sabuni vipande viwili na sukari iliyokunjwa kwenye gazeti. Amelia kuliko mtoto.

12 Aprili

Redio imetangaza Waziri Mkuu amefariki kwa ajali ya gari. Baba katoka bandani kasimama kwenye manyunyu mpaka wimbo wa taifa ulipokwisha, na Mama hakumkaripia kwa kulowa.

17 Aprili

Leo nimeliona jambo ambalo sikuwahi kuliona, na nimekaa hapa siku zote hizi. Kila alasiri Mama huleta mkeka wake mwisho wa ua wetu, na Baba huleta kigoda chake mwisho wa ua wake. Mama anachambua maharage. Baba anachonga kitu. Wanazungumza kidogo, habari za palizi, habari za mbuzi. Baba akikohoa, mikono ya Mama husimama. Kikohozi kikiisha, huendelea. Hajakosa alasiri hata moja, na mvua ikinyesha hujifunika gunia.

Nilimwambia ana roho ngumu. Kesho nitamwomba radhi.

18 Aprili

Nimemwomba radhi. Kasema, "Nyonyesha mtoto."

Ijumaa Kuu, 20 Aprili

Pumzi imerudi kuwa fupi. Baba hakuweza kutembea hadi chooni bila kusimama njiani. Maji yamerudi, sihitaji eksirei kulijua hilo. Barabara ya kupanda hospitali imekatika. Padri katuma neno kwamba wanaijaza mawe.

Mama kafunga kula tangu jana. Si kwa ajili ya Ijumaa Kuu peke yake.

24 Aprili

Mvua. Barabara bado.

Ijumaa, 27 Aprili

Sijui nianzie wapi, ila Elimringi anataka ya katikati, basi naanza na barabara. Imefunguliwa. Tumekwenda sote, Baba nyuma, mimi na mtoto mbele, Mama kati yetu. Tulipofika tukapokelewa na habari njema, sanduku la filamu limefika. Safari hii Daktari Eliakunda alitoa maji kwanza, akampiga Baba picha ya mbele, kisha akamlaza kwa ubavu na kumpiga nyingine, ili kama kuna maji yaliyobaki yatembee na kujionyesha. Halafu akamgeukia Mama.

"Na wewe, mama, uliyekuwa unalala naye chumba kimoja miaka yote, ni vizuri tukuangalie."

Mama akakataa. Hana kikohozi, haumwi, filamu ni za wagonjwa. Nikamwambia kama amemtenga Baba kwa kuogopa ugonjwa, basi ajue kama anao. Akaingia, midomo kaibana.

Jua tulilisubiri tena. Lilipotoka Daktari akabandika picha mbili kwenye kioo cha dirisha, moja kushoto, moja kulia. Akaziangalia. Akasogea karibu, akarudi nyuma. Akamwita fundi wa mashine, akamuuliza kama hakukosea, kama hakumpiga mtu mmoja mara mbili. Fundi akaapa. Hii ni ya mzee, ile ya mama, ona hata shanga za rozari alisahau kuvua.

Basi akatuonyesha. Kifuani mwa Baba, sasa maji yametoka, upande wa kushoto nao umeonekana, na pale chini juu ya kiwambo kuna baka kama la upande wa kulia. Mawili, kila upande lake, na mengine membamba yamelala kufuata mbavu. Kifuani mwa Mama, madogo zaidi, mawili vilevile. Mahali palepale.

"Hiki si kifua kikuu," akasema. "Kifua kikuu hakipangi mabaka pande mbili namna hii na kuacha ncha safi. Hili ni vumbi. Tena nalijua vumbi lenyewe. Kuna jiwe lenye nyuzi kama pamba, linaitwa asbesto, watu hulitumia kuvivika vyuma vya moto. Anayelivuta leo, baka linaonekana baada ya miaka ishirini au zaidi." Akamgeukia Baba. "Mzee, nakuuliza tena, na kalamu naiweka chini. Ulifanya kazi wapi?"

"Mkulima," Baba akasema.

"Baba Ursula." Mama alisema hivyo tu, na mimi sijawahi kumsikia akimwita kwa sauti ile.

"Bernadina, nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha." Akamgeukia Daktari, mikono imeshika mkoba. "Tulikuwa Tanga, kwenye mkonge, shamba la Mzungu mmoja ambalo siku hizi halipo. Yeye hakukata mkonge. Alikuwa kiwandani, kwenye boila la mvuke. Walikuwa wanaletewa unga mweupe kwenye magunia, wanaukanda na maji kwa mikono kama unga wa ngano, wanaupaka kwenye mabomba. Jioni akirudi ni mweupe mpaka kope. Tulikuwa tunacheka. Nilikuwa namwita mzimu."

"Na nguo zake?" Daktari akauliza taratibu.

"Nilikuwa nakung'uta mlangoni, kisha nafua. Na magunia nayo alileta. Yalikuwa mazuri. Nikayashona, tukalalia."

Elieshi alikuwa akinyonya, nasikia anavyomeza.

Baba ndiye aliyemaliza. Alitoroka mkataba wa kazi kabla haujaisha. Mama alikuwa na mimba yangu, na yeye hakutaka nizaliwe kambini. Wakaondoka na kutembea, na tangu siku hiyo amekuwa akingoja mtu aje na karatasi yenye jina lake.

"Baba, mkoloni ameondoka," nikamwambia.

"Kalamu hazikuondoka," akasema.

Daktari hakucheka. Aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa, akatueleza. Mabaka yenyewe ni makovu. Hayaambukizi, hayaui. Mama ataishi na ya kwake bila kuyasikia, ila aangaliwe. Ya Baba nayo hivyohivyo. Lakini yale maji ni jambo jingine. Kuna maji yanayoletwa na vumbi lile ambayo huja, hurudi, kisha hukoma yenyewe. Na kuna yanayoletwa na saratani. Leo katika picha haoni uvimbe kwenye utando, lakini picha moja haitoshi kuapia. Turudi Juni. Kama maji hayajarudi na utando haujanenepa, tutakuwa na haki ya kutumaini.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto ampakate leo hii."

Nikanyanyuka, nikamsogezea Baba mtoto. Baba akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

28 Aprili

Hataki. Baba hataki kumshika.

Tumerudi jana, nimevuka ua kwa mara ya kwanza tangu Machi, nimempa mkono, nimemwekea mtoto karibu. Kaficha mikono kwapani. "Kama nilimpa mama yako kwa nguo," kasema, "huyu nitampa kwa nini? Kwa pumzi?" Nimemweleza, kwa utaratibu wote niliofundishwa chuo cha ualimu, kwamba vumbi lile liliisha zamani, kwamba lililobaki ni kovu. Anatikisa kichwa. Leo asubuhi kachoma koti lake. Nguo zenyewe hazipatikani, na yeye anachoma koti.

Mama alimtenga miezi minne. Sasa anajitenga mwenyewe, na ukuta huu sijui nibomoe wapi.

30 Aprili

Kanawa mikono mara nyingi leo, kwa kile kipande cha sabuni cha Elimringi. Sikuwa na moyo wa kumkataza.

Mama haongei. Nadhani anaumia kuliko sote, na hajui amkasirikie nani. Kasema mara moja tu, anakoroga uji: "Nilimtenga kwa ugonjwa tuliokuwa nao wote wawili."

Jumatano, 2 Mei

Asubuhi Mama katoka chumbani na godoro kichwani.

Nilikuwa barazani na mtoto. Nikamuuliza anakwenda wapi. Kavuka ua. Kaingia bandani, kalitupa godoro karibu na kitanda cha Baba, karudi, kachukua blanketi, kachukua rozari, kachukua kigoda chake, kavuka tena. Baba kasimama mlangoni, hajui akae au atoke.

"Unafanya nini, Mama Ursula?"

"Nahamia."

"Huku?"

"Wewe una vumbi, mimi nina vumbi. Daktari kaniona mwenyewe, kaweka dirishani. Basi tukae huku wawili, watu safi wabaki kule. Ursula atatuletea chakula, atutupie katikati ya ua."

"Wewe huna kitu, Bernadina. Wewe ulifua tu."

"Nina mawili. Pande mbili. Mahali palepale na ya kwako."

Halafu akafanya hili, na naliandika polepole nisilikosee. Alikwenda kwenye kile kijiti karibu na mgomba, akakitwaa kikombe cha bluu, akarudi nacho jikoni kwetu, akakijaza chai kutoka sufuria yetu. Akachukua na kaa jekundu kwa koleo. Akavuka ua na vyote viwili, moto mkono wa kulia, chai mkono wa kushoto. Kaa akalitia kwenye mafiga ya Baba. Chai akainywa nusu, mbele yake, mdomo pale pale anapoweka mdomo wake Baba kila siku. Akampa iliyobaki.

Baba akakishika kikombe. Mabega yake yakaanza kutikisika, na safari hii hakikuwa kikohozi. Mama akamwacha alie. Baba alipomaliza chai, Mama akaniita bila kugeuka.

"Mama Elieshi! Lete mtoto."

Nikamleta. Mama ndiye aliyempa. Hakumwuliza Baba, alimlaza tu mapajani pake na kuondoa mikono, ikawa Baba amshike au mtoto aanguke. Akamshika. Elieshi akamtazama yule mzee mwenye machozi kwenye ndevu, akapiga chafya.

"Kweli pua ni yangu," Baba akasema.

5 Mei

Wamerudi wote nyumba kubwa. Banda limerudishiwa mahindi, hayo machache.

13 Mei

Baba kamlaza Elieshi kifuani. Nikamuuliza pumzi vipi. "Usinipime," kasema, "utamwamsha."

21 Mei

Mvua imekonda. Maharage yamekaribia. Kila nikimwona Baba akipanda kilima kidogo cha shamba nahesabu anasimama wapi, kisha najikataza kuhesabu. Mama naye anaangalia. Tukigongana macho tunageukia kazi.

Ijumaa, 1 Juni

Jua kali tangu asubuhi. Safari hii hatukungoja wingu.

Daktari Eliakunda alibandika ya Machi, ya Aprili na ya leo, zote tatu kwenye dirisha moja. Tukasimama nyuma yake kama watoto wa shule wanaongoja matokeo. Akapitisha kidole polepole kufuata mbavu za Baba, kushoto, kulia, akarudia. Mabaka yapo kama yalivyokuwa. Kona ya chini ya kushoto, iliyokuwa imezama, imerudi kuwa kali. Kuna maji kidogo sana, kama kijiko. Utando haujanenepa. Mama naye alipigwa picha leo, yake haina jipya.

"Sitawaambia imekwisha," akasema. "Njooni baada ya mavuno, na mwakani, na mwaka wa pili. Lakini leo naiona picha ya mtu anayepona."

Nilimkumbatia. Sijui kama madaktari hukumbatiwa, huyu alikumbatiwa. Mama alifanya ishara ya msalaba na kukaa chini ghafla.

Kisha Daktari akavuta faili ili aandike upya, akashika kalamu. Niliona shingo ya Baba inakakamaa.

"Mzee Xavery. Kazi?"

Baba aliiangalia ile kalamu. Elieshi alikuwa mapajani pake, anamvuta kidole. Akakohoa kidogo, akajiweka sawa kwenye benchi.

"Kukanda unga wa mabomba ya boila. Tanga. Mpaka mwaka aliozaliwa huyu Ursula. Nilitoroka. Andika hata hilo."

Daktari akaandika. Akachukua faili la Mama, akasoma kwa sauti kilichokuwamo: "Bernadina, mama wa nyumbani."

"Futa hapo," Baba akasema.

Daktari akainua macho.

"Futa. Andika na yeye alikuwa kiwanda kilekile. Alifua ovaroli zangu kila Jumamosi, miaka yote ile, na hawakumpa hata senti."

Kalamu ikafuta, ikaandika. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea shanga za rozari, safari hii alikumbuka kuivua. Baba akanyoosha mkono wake ulio huru, mbele ya daktari na mbele yangu, akaushika mkono wa Mama, na hakuuachia mpaka gari la parokia lilipopiga honi.